Kumsaidia kuku aote manyoya mapya bila kumshindisha njaa

Kuku wa mayai anapokaribia umri wa mwaka mmoja na nusu huanza kupukutisha manyoya yake ya zamani na kuotesha mapya, na katika kipindi hicho hutaga mara chache au huacha kutaga kabisa. Hayo ni maumbile yake. Mfugaji anayetegemea trei za mayai kulipa karo na kununua chakula cha mifugo huiona miezi hiyo kuwa hasara tupu, na hapo ndipo ushauri mbaya unapopata masikio: fungia chakula siku kadhaa, weka giza, punguza maji, kuku wote wanyonyoke kwa pamoja na kurudi kutaga upesi. Mwongozo huu unaeleza kwa nini ushauri huo ukataliwe, kisha unaonyesha hatua za kufuata ili kuku apate manyoya mapya akiwa ameshiba na mwenye afya.

Kwa nini njia ya njaa imeachwa

Kuwalazimisha kuku kunyonyoka kwa kuwanyima chakula kulienea sana katika mashamba makubwa ya mayai nchini Marekani katika karne ya 20. Kuku waliondolewa chakula kwa siku 5 hadi 14, mwanga ukapunguzwa, na wengi wakapoteza robo ya uzito wao au zaidi kabla ya kulishwa tena. Mayai yalikoma, manyoya yakadondoka, na chakula kiliporudi walianza mzunguko wa pili wa kutaga. Kuku dhaifu hawakuufikia mzunguko huo, kwani walikufa humo humo mabandani.

Mwaka 2000 kampuni ya McDonald's ilitangaza kwamba haitanunua mayai kutoka kwa wazalishaji wanaotumia njia hiyo, na chama cha wazalishaji wa mayai cha Marekani, United Egg Producers, kikaweka kanuni kwamba wanaofuata mwongozo wake wasiwanyime kuku chakula kuanzia Januari 2006. Katika Umoja wa Ulaya sheria za ustawi wa mifugo haziruhusu kuku anyimwe chakula ili anyonyoke. Kwetu pia mfugaji hana ruhusa ya kujiamulia: Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008 na Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama ya Kenya, Sura ya 360, zote zinamtaka mwenye mnyama ampe chakula na maji.

Tena madhara hayaishii kwa kuku. Watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba kuku aliyeshindishwa njaa huambukizwa kwa urahisi zaidi bakteria wa salmonela, na huwatoa kwa wingi zaidi katika kinyesi chake, kwa sababu kinga ya mwili wake imeshuka. Bakteria hao huingia kwenye mayai. Mfugaji anayewanyima kuku wake chakula ili aokoe wiki chache za mapato anaweza kuwapelekea wateja wake ugonjwa ndani ya trei.

Liko na jambo jingine ambalo miongozo mingi kutoka nchi za baridi hailielezi. Huko siku hufupika sana majira ya baridi yanapokaribia, na ufupi huo wa mchana ndio unaowafanya kuku wengi wanyonyoke kwa pamoja. Nairobi, Kampala na Mwanza mchana una takriban saa 12 mwaka mzima, na hata Mtwara tofauti kati ya siku ndefu na fupi ni kama saa moja na dakika kumi tu. Kwa hiyo kuku wa kwetu hawana msimu mmoja wa kunyonyoka. Huyu ataanza baada ya kuatamia na kulea vifaranga, yule baada ya kuhamishwa banda, mwingine baada ya maji kukosekana mchana mzima wa jua kali, na mwingine kwa sababu ametaga mwaka mzima mfululizo na mwili unadai mapumziko. Ukiona kuku watatu wamepauka huku wenzao kumi na saba wanang'aa, hilo si tatizo la kutatuliwa kwa kuwafungia wote chakula.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni kunyonyoka kwa kawaida

Kabla ya kubadilisha chochote, mkamate kuku jioni akiwa ametulia, mkague taratibu kwenye mwanga mzuri. Manyoya ya kawaida huanza kupukutika kichwani na shingoni, kisha kidarini na mgongoni, halafu kwenye mabawa na mkia, na upande wa kulia hufanana na wa kushoto. Kilemba husinyaa na kupauka. Kuku huwa mpole na hujitenga kidogo, lakini anakula, anakunywa na macho yake ni maangavu.

Kunjua bawa lake moja. Karibu na katikati utaona unyoya mfupi kuliko majirani zake, ambao ndio mpaka: kuanzia hapo kuelekea ncha ya bawa kuna manyoya makubwa, kwa kawaida kumi, na hayo hudondoka kwa mpangilio, la kwanza likiwa lile lililo jirani na mpaka, kisha linalofuata, hadi nchani. Kila unyoya huchukua takriban wiki sita kukua hadi urefu wake kamili. Kuku mtagaji hodari mara nyingi huchelewa kunyonyoka, na anapoanza hudondosha manyoya mawili, matatu au zaidi ya bawa kwa mpigo, kiasi kwamba humaliza kazi yote ndani ya miezi miwili au mitatu. Kuku mtagaji hafifu huanza mapema na hudondosha moja moja, akaburuta hali hiyo hadi miezi sita. Hivyo kuku anayeonekana wa kutisha, aliyebaki karibu uchi wiki moja baada ya kuanza, huenda ndiye bora kuliko wote bandani; nawasihi wafugaji wasimpeleke huyo sokoni kwa kumdhania mgonjwa.

Sehemu zilizo wazi zikague kwa ukaribu. Ukiona vichipukizi vyenye rangi ya samawati vikitokeza kwenye ngozi, kila kimoja kimefungwa ndani ya ala nyembamba ngumu, basi manyoya yanarudi. Ala hiyo hupasuka kuanzia nchani kuku anapojichambua kwa mdomo, na vumbi jeupe linaloonekana sakafuni asubuhi ni mabaki yake.

Hali nyingine hufanana na hii lakini chanzo chake ni tofauti. Upara wa mgongoni na nyuma ya kichwa pekee, hasa kwa mitetea anaowapenda jogoo, hutokana na kupandwa mara nyingi mno. Upara wa kuzunguka mkia na sehemu ya haja, wenye vishina vilivyokatika na wakati mwingine vidonda, hutokana na kudonoana. Kidari kitupu kwa kuku anayeatamia ni cha kawaida, kwani hujinyofoa ili ngozi iguse mayai. Kuku anayekohoa, anayetoa kamasi, anayeharisha kijani au anayepinda shingo ni mgonjwa. Huyo mtenge na umwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, kwa maana kideri, yaani ugonjwa wa mdondo, hakisubiri.

Ni muhimu kutofautisha unyoya uliong'oka na uliokatika. Ukishang'oka na mzizi wake, mpya huanza kuota mahali pake. Uliokatika huacha kishina ndani ya ngozi, na mwili haukitoi hadi zamu ya kunyonyoka ifike. Kuku aliyekatwa manyoya ya mgongo na jogoo anaweza kukaa na upara miezi mingi ingawa analishwa vizuri, na dawa yake ni subira na kumwondoa jogoo. Usivivute vishina hivyo kwa mkono. Maumivu yake ni makali na ngozi huchanika.

Hatua ya pili: ondoa wadudu kwanza

Protini unayoinunua kwa ajili ya manyoya isiishie kwa utitiri na chawa. Chawa huonekana mchana: pekua manyoya ya karibu na sehemu ya haja, utawaona wakikimbia, na mayai yao hushikamana kama uvimbe mweupe kwenye shina la unyoya. Utitiri mwekundu hujificha mchana kwenye nyufa za mbao na chini ya fito za kulalia, kisha hutoka usiku kunyonya damu, kwa hiyo ingia bandani na tochi saa mbili au tatu baada ya kuku kulala. Ukipitisha kitambaa cheupe chini ya fito na kikatoka na michirizi ya damu, umempata.

Toa randa yote ya zamani iliyotandazwa sakafuni, uichome au uifukie, safisha fito na viota, na uzibe nyufa. Dawa ya kunyunyizia banda au ya unga ya kumpaka kuku inunuliwe kwenye duka la pembejeo za mifugo kwa ushauri wa mtaalamu, ipimwe kama kibandiko kinavyoagiza, na irudiwe baada ya siku 7 hadi 10, kwa sababu mayai ya wadudu hayafi kwa dawa ya kwanza. Ngozi iliyo wazi hunyonya dawa zaidi kuliko iliyofunikwa, hivyo usiongeze kipimo kwa kudhani utawahi kumaliza. Wape pia mahali pakavu pa kuoga vumbi, penye mchanga laini na udongo mkavu. Dawa ya minyoo itolewe wakati huu, na kama chanjo ya kideri iko karibu, ni vyema itangulie wiki mbili kabla ya kubadilisha chakula. Kama zamu yake imeshapita, kuku wachanjwe tu. Kuku kunyonyoka si sababu ya kuacha kundi bila kinga.

Hatua ya tatu: lisha protini

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo. Zaidi ya asilimia 80 ya unyoya ni protini, nyingi ikiwa keratini, na keratini huhitaji kwa wingi viini vya protini vyenye salfa, yaani methionini na sistini. Chakula cha kawaida cha kuku wa mayai kina protini ya asilimia 16 au 17, kipimo kinachotosha kutaga. Kuku anayeotesha manyoya mwili mzima hunufaika na asilimia 18 hadi 20. Madini ya chokaa, kwa upande mwingine, hayahitaji kwa wingi kwa sababu hatengenezi maganda ya mayai.

Kwa sababu hiyo njia rahisi ni kuchukua chakula cha kukuzia, kile wanachopewa mitamba kabla ya kuanza kutaga, na kukiongezea dagaa waliosagwa. Ikiwa mfuko unaonyesha protini ya asilimia 15, na dagaa wako wakavu wana kama asilimia 55, kilo 90 za chakula hicho na kilo 10 za dagaa zitatoa mchanganyiko wa asilimia 19. Kuku mmoja mkubwa hula gramu 110 hadi 120 kwa siku, hivyo kilo 100 zinatosha kuku 20 kwa wiki sita hivi, muda unaolingana na ukuaji wa manyoya yale ya kwanza. Weka chokaa au maganda ya konokono wa baharini yaliyopondwa kwenye chombo cha pembeni, ili wale wachache wanaoendelea kutaga wajichukulie wenyewe.

Dagaa wachaguliwe kwa uangalifu. Wanaoanikwa chini hubeba mchanga mwingi, na unawalipia wote kwa bei ya samaki. Chota konzi moja, itikise ndani ya ndoo ya maji, uone kinachotuama. Waliotiwa chumvi wasitumike kabisa, kwani chumvi ikizidi humuumiza kuku. Wenye uvundo au ukungu watupwe. Onyo hilo hilo liende kwa pumba za mahindi zilizokaa mahali penye unyevu, maana sumukuvu haionekani kwa macho na kuku aliye katika hali hii ini lake lina kazi ya kutosha.

Asiyepata dagaa atumie soya iliyokaangwa au kuchemshwa vizuri, kwa kuwa soya mbichi ina vizuizi vinavyozuia protini isimeng'enywe. Ichanganye na mashudu ya alizeti au ya ufuta: soya ina lisini, kiini kingine cha protini, kwa wingi na methionini kidogo, mashudu hayo yana methionini ya kuridhisha na lisini kidogo, kwa hiyo kimoja huziba pengo la mwenzake. Mchwa, kumbikumbi na funza wanaofugwa kwa mabaki ya jikoni ni chakula kizuri mno, hasa kwa kuku wa kienyeji wanaojitafutia. Majani mabichi kama mchicha, matembele na lusina yawepo kila siku kwa kiasi, yasije yakajaza tumbo na kuacha chakula chenyewe.

Maji yasikatike hata kwa nusu siku. Kuku anahitaji robo lita au zaidi kwa siku, na huongezeka Pwani wakati wa joto. Maji safi yaliyowekwa kivulini ni sehemu ya matibabu.

Hatua ya nne: mpe utulivu na mkinge na hali ya hewa

Kuku aliyepoteza manyoya amepoteza blanketi lake. Njombe, Makete, Limuru na kote kwenye nyanda za juu, usiku wa Juni na Julai humlazimisha achome chakula ili apate joto, na chakula hicho kingeota manyoya. Ziba upepo upande unaovuma kwa magunia au turubai hadi usawa wa fito, ukiacha nafasi wazi juu ili hewa chafu itoke, na uongeze randa kavu sakafuni. Pwani tatizo ni kinyume chake: ngozi tupu huungua na jua, kwa hiyo kivuli kiwe cha kutosha saa zote za mchana.

Usiingize kuku wageni bandani wakati huu na usiwahamishe bila sababu. Jogoo atengwe, na akirudishwa baadaye wasiwe zaidi ya mmoja kwa mitetea kumi, huku kucha na vikwaru vyake, yaani miiba ya nyuma ya miguu, vikiwa vimepunguzwa ncha. Usimbebe kuku mwenye vichipukizi pasipo lazima, kwa kuwa kila kichipukizi kina damu ndani na kubanwa kwake kunauma. Kikikatika na kutoa damu, kibane kwa kitambaa safi kwa dakika kadhaa hadi ikome, kisha umtenge kuku huyo, kwani wenzake wakiiona damu watamdonoa bila huruma. Banda lenye msongamano na mwanga mkali huzidisha kudonoana. Ning'iniza fungu la majani usawa wa vichwa vyao ili wapate cha kushughulikia.

Hatua ya tano, kwa mwenye kundi kubwa tu

Wapo wafugaji wenye kuku mia kadhaa wa umri mmoja ambao wangependa wapumzike kwa wakati mmoja. Hilo linawezekana bila kuondoa chakula. Utafiti uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Illinois mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulionyesha kwamba kuku waliopewa chakula ambacho sehemu yake kubwa ni pumba za ngano, wakila kadiri watakavyo, waliacha kutaga na baadaye wakarudi vizuri. Firigisi haikai tupu. Kinachopungua ni nishati na chokaa inayohitajika kutengeneza mayai.

Atakayefuata njia hii azime taa zote za ziada, aache mwanga wa mchana tu, na atoe pumba za ngano zilizochanganywa na mahindi kiasi, zikiwepo chomboni wakati wote pamoja na maji. Kuku wagonjwa, waliokonda na wenye umri chini ya mwaka mmoja na miezi minne waondolewe kabla ya kuanza. Apime uzito wa kuku kumi wale wale kila baada ya siku tatu, akiwatia alama miguuni. Kuku wa kahawia wa kisasa mwenye kilo 2 akishuka hadi kilo 1.6, au vifo vikianza, shughuli isimamishwe na chakula kamili kirudi siku hiyo hiyo. Hata bila dalili hizo, wiki mbili hadi tatu za pumba zinatosha. Baada ya hapo wote waingie kwenye chakula cha protini kilichoelezwa katika hatua ya tatu. Wengine huweka zinki nyingi kwenye chakula ili kupata matokeo hayo, lakini zinki hufanya kazi kwa kumkatisha kuku hamu ya kula, na hiyo ni njaa ile ile.

Kwa mwenye kuku ishirini nyuma ya nyumba sioni sababu ya hatua hii. Aache kila mmoja anyonyoke kwa zamu yake, na mayai ya wenzake yatakuwepo mezani.

Hatua ya sita: kumrudisha kwenye kutaga

Kilemba ndicho kitakachokuambia. Kikianza kujaa na kuwa chekundu, na manyoya ya mkia yakiwa yamefunika, anza kuchanganya chakula cha kuku wa mayai, robo kwa siku tatu, nusu kwa siku tatu nyingine, hadi kibadilike chote ndani ya wiki mbili. Dagaa wapunguzwe kwa kasi hiyo hiyo, kwa maana wakizidi mayai hunuka samaki na mteja hatarudi. Anayetumia taa aongeze mwanga nusu saa kwa wiki hadi mchana ufikie saa 14 au 15, na asiwashe kabla manyoya hayajakamilika, kwani mwanga humsukuma kuku kutaga mwili ukiwa bado haujajengeka.

Mayai ya mzunguko wa pili huwa makubwa zaidi na ganda lake imara kuliko yale ya mwisho kabla ya kunyonyoka, ila idadi yake kwa mwezi ni ndogo kuliko ya mwaka wa kwanza. Andika ya kila siku kwa miezi miwili. Kuku ambaye miezi minne baada ya kuanza kunyonyoka bado hana vichipukizi na kilemba chake kimepauka, mpeleke kwa mtaalamu achunguzwe minyoo, matumbo na kizazi kabla ya kuamua kama utamweka au utamchinja.